Uhai wetu unaisha hata tusipoguswa: tumchague nani kwenye Gauntlet?

"Mimi na mdogo wangu tunacheza Gauntlet, ile ya zamani ya mashine za sarafu, kwenye mkusanyiko wa magemu ya kale tulio nao nyumbani. Mimi huwa Merlin kwa sababu nilisikia uchawi wake ndio mkubwa, yeye huwa Thor. Hatujawahi kuvuka levo ya 10 bila kuongeza sarafu. Namba ya uhai inashuka hata tukisimama bila kuguswa, na nikibonyeza kitufe cha risasi haraka haraka risasi hazitoki kama ninavyobonyeza. Nahisi kidhibiti changu kimeharibika, au gemu imetegwa ili imeze sarafu tu. Mdogo wangu naye anakula kila chakula anachokiona, na tunagombana. Je, kuna mhusika aliye bora kuliko wote? Tubadilishe? La mwisho: nikicheza muda mrefu kidole gumba kinauma na vidole vingine vinaingia ganzi. Ni kawaida?"

Kidhibiti chako ni kizima, na gemu haikuonei. Mambo mawili yanayokusumbua zaidi, yaani uhai unaoshuka wenyewe na risasi zinazogoma kutoka, ndivyo Gauntlet ilivyoundwa tangu Atari Games ilipoitoa mwaka 1985. Ukishayaelewa hayo mawili, swali la mhusika bora linabadilika sura, na hata ugomvi wa chakula unapata hesabu ya kuumaliza. Kidole nitakirudia mwishoni, kwa sababu kinahusiana na risasi kuliko unavyodhani.

Tuanze na uhai. Magemu mengi ya risasi ya wakati ule yalikupa maisha matatu. Ukiguswa, moja limekwenda. Ed Logg, aliyebuni Gauntlet baada ya kushiriki kuunda Asteroids na Centipede, alifuata njia nyingine. Mashine yake ilichezwa na watu hadi wanne kwa pamoja, kila mmoja akijilipia, na mtu aliweza kuingia wenzake wakiwa katikati ya mchezo. Katika mpangilio huo maisha matatu hayana mantiki. Kinachouzwa ni muda. Sarafu moja kwa kawaida inakupa uhai 700, ingawa mwenye mashine aliweza kupanga kiwango kingine, na uhai huo unapungua takribani 1 kila sekunde. Piga hesabu: 700 ni dakika 11 na sekunde 40, hata kama hakuna adui aliyekugusa. Sahani ya chakula inaongeza 100, yaani dakika 1 na sekunde 40.

Kwa hiyo ile namba iliyo pembeni ya skrini isome kama mafuta ya gari ambalo injini yake haizimwi: yanaungua, uende usiende. Wachezaji wengi wanaoanza huitazama kama damu tu, hivyo wanajitahidi wasiguswe, wanarudi nyuma, wanasubiri, wanaua maadui kutoka mbali mmoja baada ya mwingine. Wanatoka kwenye levo bila mikwaruzo mingi lakini wamepoteza 200 kwa kusimama. Kisha wanashangaa sauti ya mashine inapotangaza kwamba wanahitaji chakula.

Kwenu wawili hali ni nzito zaidi. Kila mmoja anapoteza yake, kwa hiyo kikosi kizima kinapoteza 2 kila sekunde. Sahani moja ya chakula inayomtosha mchezaji mmoja sekunde 100 inawatosha nyinyi sekunde 50 tu, na kikosi cha wanne ingekitosha sekunde 25. Kumbuka pia kwamba skrini ni moja. Mmoja akibaki nyuma kuokota hazina, mwingine hawezi kusonga mbele kupita ukingo wa picha. Anasimama akimsubiri, na wote wawili wanalipa. Hazina kwenye Gauntlet ni pointi tu. Haiongezi uhai hata kidogo. Kama lengo lenu ni kuvuka levo ya 10 kwa sarafu moja, hazina iliyo nje ya njia yenu iacheni ilipo, bila majuto. Vyumba maalumu vya hazina, vile visivyo na maadui na vyenye saa inayohesabu kurudi nyuma, ni jambo jingine: humo okoteni mnachoweza, lakini mtu asipofika kwenye njia ya kutokea kabla ya saa kuisha anaikosa bonasi yake.

Sasa risasi. Kila mhusika anaruhusiwa risasi moja tu hewani kwa wakati mmoja. Mpira wa moto wa Merlin ukiwa bado unaruka, wa pili hautoki mpaka ule wa kwanza ugonge kitu au utoke nje ya skrini. Ndiyo maana unabonyeza mara kumi na kuona mbili. Kinachoamua kasi yako ya kupiga ni umbali wa unachokipiga, wala si wepesi wa kidole. Adui akiwa hatua mbili mbele yako, risasi inamfikia mara moja na inayofuata inatoka papo hapo. Akiwa hatua nane, unasubiri mara nne ya muda huo. Ukimkosa kabisa, unasubiri risasi imalize safari yote hadi ukutani, na katika muda huo aliyekoswa anakusogelea huku wewe huna silaha mkononi.

Ongeza na hili: ukibonyeza kitufe cha risasi mhusika husimama. Kijiti cha kuelekezea wakati huo kinamgeuza uso tu, katika pande nane. Hii si gemu ya kukimbia huku unamimina risasi. Unakwenda, unasimama, unageuka, unapiga, unakwenda tena. Mtu aliyezoea magemu mengine huona kama kidhibiti kinasuasua, na nadhani ndicho kilichokutia shaka.

Kutokana na hayo, ufundi mkubwa wa Gauntlet ni kuchagua mahali pa kusimama. Maadui wake hawana akili ya kutafuta njia. Kila mmoja anakuja moja kwa moja kuelekea ulipo, na ukuta ukiwa katikati anabanana nao tu, hazunguki. Tumia udhaifu huo. Simama kwenye mdomo wa korido, hatua moja ndani, ili maadui waingie kwa mstari mmoja. Wa mbele akifika karibu, risasi zako zinatoka mfululizo kwa sababu hazisafiri mbali. Akianguka, wa nyuma yake anachukua nafasi yake na mambo yanaendelea vilevile. Umati unaotisha kwenye uwanja wa wazi unageuka foleni. Usisimame katikati ya chumba, kwa sababu hapo watakuja kutoka pande zote nane nawe una risasi moja.

Angalia pia mshazari. Adui asiyekaa sawasawa kwenye moja ya pande zako nane risasi itampita pembeni. Badala ya kupiga na kutumaini, sogea nusu hatua mpaka awe kwenye mstari, kisha bonyeza. Ni kitendo kidogo kinachookoa uhai mwingi, kwa kuwa kinapunguza risasi zinazokosa, ambazo ndizo ghali kuliko zote.

Halafu kuna viota, yale malundo ya mifupa na vibanda vinavyotoa maadui bila kukoma. Hapa ndipo naamini mnapoteza uhai mwingi zaidi. Kiota huhitaji nafasi tupu kando yake ili kitoe adui mpya. Kikizungukwa na maadui waliojazana, kimeziba, hakitoi kitu. Wewe ukisimama mbali na kuua wale walio pembezoni mwa umati, kila unayemuua anafungua nafasi, wenzake wanasogea, na kiota kinatoa mwingine. Unaweza kupiga hivyo dakika tano ukapata pointi nyingi, na umati ukabaki uleule. Kwa hiyo chagueni mojawapo: aidha mpitie pembeni bila kuamsha umati, au mkate njia moja nyembamba moja kwa moja hadi kwenye kiota na kukivunja. Njia ya katikati, ya kupunguza maadui kidogo kisha kurudi nyuma, ndiyo inayoua.

Mkiamua kukivunja, fahamuni kwamba viota vina ngazi tatu. Risasi inakishusha ngazi, na maadui wanaotoka hubeba nguvu ya ngazi iliyobaki. Hata pigo moja mlilofanikiwa kulipenyeza halipotei: maadui wanaofuata watakuwa dhaifu zaidi na watakufa kwa risasi chache.

Maadui hawafanani, na kila mmoja ana namna yake. Mzimu ukikugusa unakutoa uhai na kutoweka hapohapo, kwa hiyo hakuna kupigana nao mkono kwa mkono. Uueni kabla haujafika, na mizimu ikiwa mingi rudini kwenye korido. Majitu yenye virungu yanaweza kupigwa kwa mkono, na hiyo ni kazi ya Thor au Thyra, yule mhusika wa bluu: unasukuma kijiti kuelekea kwa jitu na mhusika anapigana mwenyewe. Mashetani hutema moto kutoka mbali, hivyo kuwakabili kwenye korido ndefu iliyonyooka ni kosa. Wasubirini nyuma ya kona wafike karibu. Wale warusha mawe hurusha juu ya kuta na hukimbia ukiwafuata, basi wafukuzeni mpaka wabanwe kwenye pembe. Wachawi huonekana na kutoweka, na subira ya nusu sekunde kabla ya kupiga inatosha. Mwizi akitokea mbio, mpigeni kabla hajatoka na kitu chenu, akipigwa anakiachia.

Mauti, lile umbo jeusi, ni habari nyingine kabisa. Risasi hazimuui. Akikushika ananyonya hadi uhai 200 ndipo atoweke, yaani sahani mbili za chakula, au dakika 3 na sekunde 20 za mchezo. Anauawa kwa uchawi wa chupa peke yake, zile chupa za uchawi mnazookota kwenye levo. Usilitumie hata tone la chupa kwa umati wa kawaida kama umemwona Mauti kwenye levo na hamna njia ya kumkwepa.

Sasa naweza kujibu swali lako kuhusu wahusika, nawe utaona kwa nini halina jibu la jina moja. Wako wanne. Thor wa rangi nyekundu anarusha shoka lenye nguvu kuliko silaha za wenzake na ni hodari sana wa mkono kwa mkono. Ngozi yake inapunguza madhara kwa asilimia 20, ila uchawi wake ni dhaifu. Thyra wa bluu ana kinga ya asilimia 30, kubwa kuliko wote, na upanga wake si mbaya. Merlin wa njano ana uchawi wa kusafisha skrini, pamoja na viota, lakini kinga yake ni sifuri na mkono kwa mkono hafai. Questor wa kijani ndiye mwenye mbio kuliko wote, kinga yake ni asilimia 10, mishale yake haina nguvu nyingi, na uchawi wake unamkaribia Merlin.

Maana ya kinga hizo ni hii: pigo la kutoa 10 linamtoa Thyra 7, Thor 8, Questor 9, na Merlin 10 kamili. Lakini kinga haizuii hata kidogo ile 1 inayokwenda kila sekunde. Ndiyo maana Thyra si jibu la moja kwa moja. Akizubaa, anaungua sawa na Merlin.

Kosa lenu halimo katika kuwachagua Thor na Merlin. Huo ni mchanganyiko mzuri: mmoja wa kutangulia, mwingine wa uchawi. Nahisi tatizo ni mpangilio. Mtu mwenye uchawi mkubwa hujisikia ana nguvu na hutangulia, na Merlin akitangulia anapokea kila pigo bila kupunguziwa. Mwacheni Thor awe mbele kwenye mdomo wa korido, na wewe simama ubavuni mwake kwa nyuma kidogo, upige mshazari. Usisimame nyuma yake moja kwa moja. Mwili wake utakuzibia njia, na mbele kuna levo ambazo gemu inatangaza kwamba risasi zenu sasa zinampooza au kumuumiza mwenzako. Hapo mazoea ya kujipanga nyuma ya mgongo yanakuwa hatari.

Kama utataka kubadilisha, ushauri wangu kwako ni Questor badala ya Merlin. Merlin anamfaa mtu ambaye tayari anajua pa kusimama. Questor anakusamehe zaidi: anawahi chakula, anawahi funguo, anakimbia na kutoka kwenye mtego, na bado chupa ikiwa mikononi mwake inafanya kazi kubwa. Unachopoteza ni nguvu ya risasi, na hiyo Thor anayo ya kutosha kwa wote wawili. Siku utakayocheza peke yako, chukua Thyra, kwani hapo hakuna wa kupokea mapigo kwa niaba yako. Kwenye mashine ya asili rangi ilifungwa na mahali unaposimama, kwa hiyo mtu alichagua mhusika kwa kuchagua kijiti. Gauntlet II ya mwaka 1986 ndiyo iliyoruhusu kila mchezaji kumchukua yeyote. Kama gemu yenu inawaruhusu watu wawili kuwa mhusika mmoja, huenda mnacheza hiyo ya pili.

Chupa zote zimwendee mwenye uchawi. Chupa ileile mikononi mwa Thor inafanya kazi ndogo sana, na akishaiokota hawezi kukupa. Mwambie mdogo wako aziruke, nawe ziokote. Chupa ikipigwa risasi inalipuka palepale kwa nguvu pungufu; mara chache hilo ni msaada, mara nyingi ni hasara. Zipo pia chupa maalumu zinazoongeza uwezo wa kudumu. Ile ya kasi ya risasi ni bora kuliko inavyoonekana, kwa sababu ileile ya risasi moja hewani: risasi ikiruka haraka, inayofuata inatoka mapema. Mpeni anayepiga zaidi. Ile ya kinga nisingesita kumpa Merlin au Questor.

Kuhusu chakula, mdogo wako hana kosa kubwa kama unavyoona. Sahani inaongeza 100 bila kujali aliyeila ni nani, na hakuna faida ya kuiacha kwa baadaye kwa sababu levo ikiisha inabaki nyuma. La kujadili ni nani aile. Kubalianeni hivi: anakula mwenye uhai mdogo, isipokuwa tofauti yenu ikiwa chini ya 100, hapo anakula aliye karibu, kwa kuwa kumsubiri mwingine avuke chumba kunawagharimu wote wawili. Na kabla ya kukifuata chakula kilicho mbali, jiulizeni safari itachukua sekunde ngapi. Safari ya kwenda na kurudi ya sekunde 40 inawatoa 80 nyinyi wawili. Mkipigwa njiani mara chache tu, mmekula hasara. Vipo pia vyakula vinavyoharibika kwa risasi. Adui akiwa kati yako na chakula, acha kupiga na mwachie Thor akammalize kwa mkono.

Milango ni sehemu ambayo wengi huikosea hesabu. Ufunguo mmoja unafungua mlango mzima ulioungana, hata uwe mrefu kiasi gani, kwa hiyo msitumie funguo mbili kwenye pande mbili za mlango uleule. Mkikwama bila ufunguo, gemu haiwafungii milele: mkikaa bila kupiga wala kupigwa kwa takribani nusu dakika, milango yote inafunguka yenyewe. Mkiendelea kukaa hivyo kwa kiasi cha sekunde 200, kuta zenyewe zinageuka njia za kutokea. Kusubiri milango kunamgharimu kila mmoja kama 30, na mara nyingi hiyo ni rahisi kuliko kupigana kupata ufunguo uliozungukwa na mizimu. Kusubiri kuta kunamgharimu kila mmoja 200, kwa hiyo ni njia ya mwisho.

Kwa mazoezi, levo ya kwanza ina njia za kutokea zinazokurusha hadi levo ya 4 na ya 8. Msizitumie kwa sasa. Levo 7 za mwanzo hazibadiliki, na baada ya hapo mpangilio huchanganywa, kwa hiyo hizo 7 ndizo mahali pekee mnapoweza kujipima kwa haki. Chukueni karatasi na saa. Andikeni uhai wa kila mmoja mkiingia na mkitoka, na sekunde mlizotumia. Tuseme umeingia na 640, umetoka na 530, umetumia sekunde 80, na umekula sahani moja. Kwa kuwa umekula 100, ulichopoteza kwa kweli ni 210. Ondoa 80 za muda, zinabaki 130 za mapigo. Sasa unajua ugonjwa ni upi. Mapigo yakizidi muda, tatizo ni pa kusimama na viota. Muda ukizidi mapigo, mnatembea sana na kuokota sana. Mkifanya hivyo kwa levo zote 7, mtaona levo moja au mbili zinazowala zaidi, na hizo ndizo za kurudia, badala ya kuanza upya kila mara kwa matumaini.

Jambo moja kuhusu lengo lenu: gemu ya mashine haina mwisho. Ukimaliza levo zake inaendelea kukupa nyingine. Toleo la NES, mashine ya nyumbani ya Nintendo, lililotolewa na kampuni ya Tengen ndilo lenye levo 100 na hitimisho, na limebadilishwa mambo mengi, kwa hiyo ushauri wa toleo hilo usiuchanganye na huu. Kama mtapata mtu anayeijua gemu hii vizuri, mwombeni akae nyuma yenu levo tatu tu bila kushika kidhibiti. Makosa ya pa kusimama mtu mwenyewe hayaoni, ila anayetazama anayaona mara moja.

Sasa mkono wako. Kubofya haraka haraka hakukupi risasi hata moja ya ziada, kama tulivyoona, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi unayokifanyisha kidole gumba haina faida. Jaribu kukishikilia kitufe unapokabili foleni ya karibu, au bofya pale tu risasi ya kwanza ilipogonga. Legeza mshiko, wengi hukaza kidhibiti kwa nguvu uhai unapokaribia sifuri bila kujua. Weka kifundo cha mkono sawa na mkono, kisipinde kuelekea juu wala chini, na pumzisha mikono dakika chache baada ya kila levo kadhaa. Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya kupumzika siku moja au mbili si ya kutisha.

Ganzi ndiyo nisingependa uipuuze, kwa sababu ganzi huashiria mshipa wa fahamu unaobanwa. Acha kucheza kabisa kwa siku kadhaa uone. Ikiendelea hata usipocheza, ikikuamsha usiku, ukianza kuangusha vitu au kushindwa kufunga vifungo, au maumivu yakidumu zaidi ya wiki mbili, nenda kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo akupime ana kwa ana. Mwambie ni vidole vipi hasa vinavyoingia ganzi, kwani gumba na vidole viwili vinavyofuata huelekeza kwenye mshipa mmoja, na kidole cha mwisho huelekeza kwenye mwingine. Kabla hajakuona, usifunge bandeji ya kubana na usiendelee kucheza kwa msaada wa dawa za maumivu.